Ripoti Ndani ya Ripoti: Historia ya Jumla Isiyodanganya

Mnamo Juni 1970, jarida la Communications of the ACM la Marekani lilichapisha makala ya Edgar F. Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM mjini San Jose, California. Codd alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa Portland katika jimbo la Dorset, na aliwahi kuwa rubani wa jeshi la anga wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kabla ya kuhamia Marekani. Makala yake ilijaa hisabati, lakini katikati yake umo mfano ambao karani yeyote angeuelewa. Ni mfano wa mfanyakazi. Ana namba, jina na tarehe ya kuzaliwa. Ana historia ya kazi, yaani vyeo alivyopitia na tarehe zake, na kila cheo kina historia yake ya mishahara. Tena ana watoto, kila mmoja na jina lake na mwaka wake wa kuzaliwa.

Codd alishauri kwamba taarifa hizo zisibebane ndani ya faili moja. Alizigawa katika majedwali manne: la wafanyakazi, la vyeo, la mishahara na la watoto. Namba ya mfanyakazi ikarudiwa katika kila jedwali ili ijulikane cheo hiki ni cha nani na mtoto huyu ni wa nani. Ushauri huo ndio msingi wa hifadhidata nyingi zinazotumika leo katika benki, hospitali, vyuo na maduka. Data ikitengwa hivyo hairudiwi ovyo, haipingani, na ni rahisi kuisahihisha.

Ila ushauri huo uliacha kazi upande wa pili. Meneja anayetaka kumjua mfanyakazi wake hataki kupewa majedwali manne. Anataka ukurasa mmoja: jina juu, vyeo chini yake, watoto chini ya vyeo, na jumla zilizo sahihi. Kilichotenganishwa ndani ya mashine lazima kiungane tena kwenye karatasi. Kuunganisha huko kulisumbua watu kwa miaka mingi, na katika kompyuta za mezani jibu lililoshika ni kuweka ripoti moja ndani ya nyingine. Wengi hulichukulia kama jambo la kupamba ukurasa. Mimi naamini ni jambo la ukweli wa hesabu, na historia yake inalionyesha hilo waziwazi.

Kadi katika foleni moja

Chimbuko la ripoti za mashine ni hesabu ya watu. Uchambuzi wa sensa ya Marekani ya 1880 ulijikokota kwa miaka mingi, na ikahofiwa kwamba ile ya 1890 ingefikwa na sensa nyingine kabla haijamalizika. Herman Hollerith, mhandisi kijana mzaliwa wa Buffalo, New York, akaleta kadi za kutoboa. Kila mtu alikuwa na kadi yake, na matundu yake yalieleza umri, jinsia, kazi na mahali alipozaliwa. Karani aliilaza kadi kwenye mashine na kushusha mkono wenye sindano. Sindano iliyokuta tundu ilipenya hadi kwenye kikombe cha zebaki, umeme ukapita, na mshale ukasogea hatua moja. Kwa njia hiyo zaidi ya watu milioni 62 walihesabiwa.

Hollerith alianzisha kampuni mwaka 1896. Baada ya kuunganishwa na nyingine, kampuni hiyo ilipewa jina la IBM mwaka 1924. Kufikia hapo mashine zilikuwa zimevuka kuhesabu tu. Zilijumlisha fedha na kuchapa orodha kwa ajili ya reli, bima na viwanda, na kanuni yake ilikuwa nyepesi na yenye nguvu. Kadi zipangwe kwanza, kwa mfano kwa mkoa, kisha kwa tawi. Halafu zipite moja baada ya nyingine. Mashine inalinganisha namba ya kadi inayoingia na ya kadi iliyotangulia. Zikiwa sawa, inaendelea kujumlisha. Zikitofautiana, inachapa jumla ya kundi lililokwisha, inarudisha kaunta kwenye sifuri, na kuanza kundi jipya.

Mashine ya IBM 407 ya mwaka 1949 ilifikisha kanuni hiyo kileleni. Ilichapa mistari 150 kwa dakika, na fundi aliielekeza kwa kuchomeka nyaya kwenye ubao uliojaa vitundu. Oktoba 1959 IBM ilitangaza kompyuta ya 1401, na kwa ajili ya wateja waliozoea nyaya ikatoa lugha ya RPG, ambayo kazi yake hasa ilikuwa kutengeneza ripoti. RPG iliiga mwendo uleule: soma rekodi, linganisha, jumlisha, chapa. Lugha ya COBOL nayo ilipata sehemu yake ya kuandikia ripoti mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa fikra hiyohiyo ya makundi na jumla zake.

Mpangilio huo unafaa sana pale ambapo kila kundi limo ndani ya lingine: nchi, mkoa, wilaya, tawi. Unakwama unapofika kwa mfanyakazi wa Codd. Vyeo vyake havimo ndani ya watoto wake, wala watoto wake hawamo ndani ya vyeo vyake. Ni makundi mawili yaliyo sambamba chini ya mtu mmoja, na hakuna namna ya kuyapanga katika foleni moja ambayo haitaliweka moja chini ya jingine. Mafundi hodari waliweza kuchanganya kadi za aina mbili kwa kuzitia alama na kuiamuru mashine ishughulikie kila aina kivyake. Lakini ilikuwa kazi ya fundi, na kila ripoti mpya ilianza upya kutoka mwanzo.

Kompyuta inahamia mezani

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Wayne Ratliff alikuwa akifanya kazi katika Jet Propulsion Laboratory huko Pasadena, California, maabara iliyohusika na safari ya vyombo vya Viking kwenda sayari ya Mirihi. Nyumbani alikuwa na kompyuta ya IMSAI 8080 aliyoiunganisha mwenyewe kutoka vipande. Ofisini watu walikuwa na mchezo wa kubashiri matokeo ya mpira wa Kimarekani. Ratliff alitaka kushinda, na takwimu za magazetini zilikuwa nyingi mno kwa kalamu na karatasi. Akaandika programu ya kutunza na kuchambua data, akaiita Vulcan, kwa jina la sayari ya Spock, mhusika wa tamthilia ya televisheni ya Star Trek.

Wafanyabiashara George Tate na Hal Lashlee waliiona programu hiyo na kuichukua sokoni kwa jina la dBASE II. Haikuwahi kuwepo dBASE I. Namba mbili iliwekwa ili programu ionekane imekwisha kukomaa. Bei yake ilikuwa dola 695, nayo ikaenea kwa kasi. Kwa mara ya kwanza duka, zahanati au shule iliweza kuwa na hifadhidata bila kuwa na chumba cha mashine wala kikosi cha mafundi.

Aliyekaa mbele ya dBASE aliona nukta moja kwenye skrini, ikimngoja atoe amri. Kwa amri ya REPORT FORM programu ilimwongoza aeleze safu za ripoti yake, upana wa kila safu, zipi zijumlishwe, na data igawanywe katika makundi gani. Ripoti ilitoka na jumla za makundi, na ndani ya kundi kubwa liliwezekana kundi dogo. Aliyekuwa amefanya kazi na mashine za kadi angeitambua mara moja: rekodi zilizopangwa, foleni moja, jumla inapobadilika namba.

Na ukuta ulikuwa uleule. Kila ofisi yenye wateja ilihitaji taarifa ya mteja inayoonyesha ankara zake na malipo yake pamoja. Ankara zilikuwa katika faili moja na malipo katika jingine, na REPORT FORM haikuwa na njia ya kuyachapa mafaili mawili sambamba chini ya jina moja. Waandishi wa programu wakaandika mizunguko kwa mkono. Mzunguko wa nje ulimtembelea mteja mmoja baada ya mwingine. Ndani yake mzunguko wa kwanza ulitafuta ankara zenye namba ya mteja yule, ukachapa mpaka namba ibadilike. Kisha mzunguko wa pili ulifanya hivyo kwa malipo. Mwandishi alihesabu mwenyewe mistari iliyobaki kwenye karatasi, na alipoona inakaribia kwisha aliiamuru printa isukume ukurasa mpya. Ukiangalia sana, hiyo tayari ilikuwa ripoti ndani ya ripoti. Kilichokosekana ni kuitoa mikononi mwa mwandishi wa programu na kumkabidhi karani.

Hesabu inayozaa uongo

Kabla ya kuendelea, inafaa kuona kwa karibu kwa nini njia ya mkato haikufaa. Lugha ya SQL, iliyobuniwa IBM na Donald Chamberlin na Raymond Boyce katika miaka ya 1970 kutokana na kazi ya Codd, inaruhusu kuunganisha majedwali kwa mstari mmoja wa amri. Mtu anaweza kudhani kwamba akiunganisha wateja, ankara na malipo kwa wakati mmoja, kisha akachapa matokeo, kazi imekwisha.

Tuchukue mteja mmoja wa duka la jumla. Ana ankara 3: shilingi 100,000, shilingi 250,000 na shilingi 150,000. Jumla ni 500,000. Amelipa mara 2: shilingi 200,000 na shilingi 100,000. Jumla ni 300,000. Anadaiwa shilingi 200,000, na hilo halina mjadala.

Sasa tuyaunganishe majedwali yote matatu kwa namba ya mteja. Mashine haijui malipo yapi yalikusudiwa ankara ipi, kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa. Kwa hiyo inaoanisha kila ankara na kila malipo, na mistari inakuwa 3 mara 2, yaani 6. Kila ankara inatokea mara 2, na jumla ya ankara inasomeka 1,000,000. Kila malipo yanatokea mara 3, na jumla ya malipo inasomeka 900,000. Ukitoa, deni ni shilingi 100,000.

Tazama hatari iliyopo hapo. Mashine haikutoa onyo lolote. Karatasi ni safi, safu zimenyooka, na deni la 100,000 linaaminika kabisa kwa mteja wa namna ile. Duka limepoteza nusu ya fedha zake kwenye karatasi yake lenyewe, na hakuna aliyeiba. Mteja mwingine mwenye ankara 2 na malipo 5 atageuziwa kibao: malipo yake yatazidishwa mara 2 na ankara zake mara 5, na huenda akadaiwa asichostahili.

Dawa ni kuuliza maswali mawili yaliyotengana. Ankara zijumlishwe zikiwa peke yake, malipo yajumlishwe yakiwa peke yake, na mteja awe ndiye anayezikutanisha jumla hizo mbili. Ripoti ndogo, yaani ile inayowekwa ndani ya nyingine, inafanya hilo na hakuna jingine. Inalinda kila kundi lisihesabiwe kwa idadi ya kundi ndugu yake.

Novemba 1992

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 soko la hifadhidata za mezani lilitikisika. Ashton-Tate, wenye dBASE, walikuwa wamejeruhiwa na toleo la dBASE IV la mwaka 1988 lililotoka na kasoro nyingi, na mwaka 1991 wakanunuliwa na Borland, ambao tayari walikuwa na hifadhidata ya Paradox. Mwaka 1992 Microsoft walinunua Fox Software ya Perrysburg, Ohio, watengenezaji wa hifadhidata ya FoxPro. Lakini Microsoft walikuwa pia wakijenga hifadhidata yao wenyewe kwa ajili ya Windows. Jaribio lao la awali lilikuwa limetupwa. La pili lilifika mwisho, na Novemba 1992 likatoka kwa jina la Microsoft Access, kwa bei ya uzinduzi ya dola 99. Mtu aliyezoea kusikia bei ya dBASE aliielewa maana yake papo hapo.

Katika Access, ripoti ilisanifiwa kwa macho. Skrini ilionyesha mikanda iliyolala: kichwa cha ripoti, kijajuu cha ukurasa, kijajuu cha kundi, mkanda wa rekodi zenyewe, kisha vijachini vyake. Mikanda hiyo ilikuwa ileile mantiki ya kadi na jumla, ila sasa mtu aliishika kwa kipanya. Na ndani ya mkanda wowote kati ya hiyo, pamoja na maandishi na picha, aliweza kuchora kisanduku na kukiambia kibebe ripoti nyingine nzima, yenye swali lake la data, mpangilio wake, makundi yake na jumla zake.

Kuunganisha mbili hizo kulihitaji majibu mawili tu: safu ipi katika ripoti kuu, na safu ipi katika ripoti ndogo, ndizo zinazolingana. Kwa kawaida ni namba ya mteja na namba ya mteja. Wakati wa kuchapa, ripoti kuu inapofika kwa mteja namba 47, inaikabidhi namba hiyo kwa kisanduku. Ripoti ndogo inachota ankara zenye 47 peke yake, inazipanga, inazijumlisha, na kisanduku kinarefuka kadiri ya mistari iliyopatikana. Kikimalizika, kisanduku cha pili chini yake kinafanya vivyo hivyo kwa malipo. Kisha ripoti kuu inaendelea na mteja namba 48. Ile mizunguko iliyoandikwa kwa mkono, na kule kuhesabu mistari iliyobaki kwenye karatasi, vyote vimemezwa na kisanduku kimoja.

Waliojifunza Access wengi waliiona kazi hiyo kwanza katika Northwind, hifadhidata ya mfano iliyokuja na programu. Northwind ni kampuni ya kubuni inayouza vyakula: aina 8 za bidhaa na bidhaa 77, ya kwanza kabisa katika orodha ikiwa ni Chai. Mojawapo ya ripoti zake ni katalogi. Ripoti kuu inashika aina za bidhaa, kila moja na maelezo na picha yake. Ndani yake imekaa ripoti ndogo yenye jina la bidhaa, namba yake, namna inavyofungashwa na bei. Ukiifungua ripoti ndogo peke yake unapata orodha kavu ya bidhaa zote. Ukiifungua kupitia katalogi, kila orodha imekaa chini ya aina yake, na msomaji hahisi kwamba anasoma ripoti mbili.

Matumizi ya pili yalikuja kupendwa na maofisa wengi. Ripoti kuu inaweza isiwe na data yake yoyote, ikawa ni ganda tu. Ndani yake unapanga ripoti ndogo zisizohusiana: mauzo ya mwezi, bidhaa zilizokwisha ghalani, wadaiwa sugu, mahudhurio ya wafanyakazi. Mkurugenzi anapewa waraka mmoja wenye mtiririko mmoja wa kurasa, na kila sehemu imetoka kwenye chanzo chake. Na ripoti ndogo inaweza kubeba nyingine ndani yake; maelezo rasmi ya Access ya miaka ya baadaye yanataja kikomo cha ngazi 7.

Mteja ambaye hajalipa

Mbinu hiyo ilikuja na masharti yake, na aliyeyapuuza alilipia. La kwanza linahusu jumla. Ripoti kuu huiomba ripoti ndogo ya malipo jumla yake ili ipate kutoa deni. Kwa mteja mwenye malipo, yote ni shwari. Lakini kwa mteja ambaye hajalipa hata senti moja, ripoti ndogo haina mstari wa kuchapa, kwa hiyo haitokei kabisa. Ripoti kuu inaomba namba kutoka mahali pasipo na kitu, na pale penye deni panachapwa #Error. Maana yake ni kwamba mteja anayehitaji kufuatiliwa kuliko wote ndiye ambaye deni lake halisomeki.

Dawa inajulikana na wote waliowahi kuandika ripoti hizi. Kabla ya kuomba jumla, uliza kwanza kama ripoti ndogo ina data. Ikiwa nayo, chukua jumla. Ikiwa haina, weka sifuri. Ni mstari mmoja wa fomula, lakini ndani yake kuna fundisho kubwa: kutokuwepo kwa rekodi nako ni taarifa, na ripoti bora lazima iwe na neno la kusema mahali pasipo na rekodi.

Sharti la pili ni la ukurasa. Katika Access, kijajuu na kijachini cha ukurasa vya ripoti ndogo havichapwi ripoti hiyo inapowekwa ndani ya nyingine, kwa kuwa ukurasa unamilikiwa na ripoti kuu. Mtu huandika vichwa vya safu zake vizuri kwenye kijajuu cha ukurasa, anaitazama ripoti ndogo ikiwa peke yake na kuridhika, kisha akiipachika vichwa vinatoweka. Njia iliyozoeleka ni kuvihamishia kwenye kichwa cha ripoti, au kwenye kijajuu cha kundi kilichoamriwa kujirudia kila ukurasa unapofunguka.

La tatu ni muda. Kila mteja anapofikiwa, ripoti ndogo inauliza swali lake upya. Wateja 1,000 wenye visanduku viwili ni maswali 2,000. Kama safu ya kuunganishia haina faharasa, kila swali linaweza kumaanisha kulipekua jedwali zima, na ripoti inachukua muda ambao mtu hawezi kuuvumilia. Kwa sababu hiyo wajuzi husisitiza kwamba safu yoyote inayounganisha ripoti mbili itengenezewe faharasa kabla ya jambo lingine lolote.

Vancouver na Ohio

Access haikuwa peke yake katika safari hii. Huko Vancouver, Kanada, kampuni ndogo ya Terry Cunningham ilikuwa imetengeneza programu ya kuchapa ripoti kutokana na data za ACCPAC, programu ya uhasibu. Programu hiyo ikakua na kuitwa Crystal Reports. Mwaka 1993 ilifungashwa pamoja na Visual Basic 3 ya Microsoft, na hivyo ikawafikia waandishi wa programu wengi duniani bila wao kuitafuta. Mwaka 1994 ilinunuliwa na Seagate, baadaye ikaenda kwa Business Objects, na mwishowe ikaangukia SAP.

Crystal nayo iliongeza ripoti ndogo, lakini kwa sheria zake. Ripoti ndogo haiwezi kubeba ripoti ndogo nyingine. Ngazi ni moja tu. Namba inayotoka kwenye ripoti ndogo kwenda ripoti kuu hupitia kigezo cha pamoja, na ni juu ya msanifu kuhakikisha kimerudishwa kwenye sifuri kwa kila mteja, la sivyo deni la aliyetangulia humwangukia anayefuata. Kwa upande mwingine, Crystal ilitoa ripoti ndogo inayongoja kuitwa: kwenye skrini msomaji anaona kichwa tu, na swali la data haliulizwi mpaka akibonyeze. Ilikuwa nafuu kubwa kwa data nyingi.

Historia ya FoxPro ni ya subira. Ilikuwa na kasi iliyosifiwa, na waliokuwa wakiitumia walikuwa na mapenzi nayo ya dhati, lakini sehemu yake ya kuchapa ripoti iliendelea na mkanda mmoja wa rekodi kwa miaka mingi. Mwenye ankara na malipo alilazimika kuandaa jedwali la muda lililochanganya vyote viwili kwa alama, kama walivyofanya mafundi wa kadi. Desemba 2004 toleo la Visual FoxPro 9 likaja na jibu la aina nyingine: badala ya kisanduku chenye ripoti ndani yake, ripoti moja iliruhusiwa kuwa na mikanda ya rekodi mingi, hadi 20, kila mmoja ukifuata jedwali lake chini ya mzazi yuleyule. Lilikuwa jibu zuri, na jumla zake ni sahihi. Lakini Machi 2007 Microsoft walitangaza kwamba hakutakuwa na toleo la 10.

Majibu hayo mawili, kisanduku cha Access na mikanda ya FoxPro, yanatofautiana kwa sura tu. Yote mawili yanakiri jambo lilelile: makundi sambamba yasilazimishwe kuingia katika foleni moja.

Baada ya karatasi

Kwetu Afrika, hifadhidata za mezani zilifanya kazi kubwa kuliko ukubwa wake. DHIS, mfumo wa taarifa za afya uliozaliwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990, ulijengwa kwanza juu ya Microsoft Access. Katika miaka ya 2000 mfumo huo ulifika Tanzania Bara na Zanzibar. Mfumo wa aina hiyo unakusanya takwimu za kituo kimoja za makundi yanayokwenda sambamba: kina mama waliohudhuria kliniki, watoto waliochanjwa, wagonjwa waliolazwa. Hakuna kundi hapo lililomo ndani ya lingine. Kinachoyakutanisha ni kituo na mwezi. Ni mfanyakazi wa Codd katika vazi jingine. Mfumo huo baadaye ulihama kutoka mezani kwenda kwenye intaneti kwa jina la DHIS2, na leo unatumika katika nchi nyingi.

Kuhama huko hakukuifuta ripoti ndogo. JasperReports, iliyoanzishwa na Teodor Danciu mwaka 2001 na kutolewa bure kwa watu wote, inazo. SQL Server Reporting Services, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2004, inazo. Access yenyewe bado inazo, na kisanduku bado kinauliza maswali yaleyale mawili ya kuunganisha. Hata pale ambapo hakuna kinachochapwa, ukurasa wa simu unaoonyesha mteja, oda zake na malipo yake unakusanywa kwa mantiki hiyohiyo: mzazi mmoja, maswali kadhaa yaliyotengana, kila jibu mahali pake.

Kwa hiyo siyaoni maarifa haya kuwa yamepitwa na wakati. Vyombo vya leo vinamwezesha mtu yeyote kuunganisha majedwali matano kwa kubonyeza mara chache na kupata chati ya kuvutia, na urahisi huo umeiongeza hatari ya ile jumla ya 1,000,000 isiyokuwepo. Anayeandaa ripoti ana wajibu wa kuchukua mteja mmoja, au kituo kimoja, au mwanafunzi mmoja, mwenye rekodi kadhaa kila upande, na kumhesabu kwa kalamu kabla ya kuwakabidhi wengine karatasi. Amchukue pia yule asiye na rekodi upande mmoja, aone karatasi inasema nini juu yake. Namba zikikubaliana na kalamu kwa hao wawili, ripoti ina haki ya kuaminiwa. Zisipokubaliana, uzuri wa ukurasa hauna msaada wowote kwa mtu atakayedaiwa, atakayenyimwa au atakayesahauliwa kwa sababu yake.